Mshiko wa Wizi

Kwa miezi mitano nilipaka matairi yangu dawa iliyokatazwa. Kazi hiyo niliifanya Alhamisi usiku, jikoni, watoto wakishalala, dirisha wazi hata kama nje kuna theluji. Nilitumia brashi ya rangi ya kucha niliyoichukua kwa mke wangu bila kumwuliza. Nikishapaka nazungushia nailoni ya kufunikia vyakula, naingiza kwenye boksi la viatu, boksi nalisukuma nyuma ya mashine ya kufulia. Kesho yake jioni nabeba begi langu, nasalimia watu vizuri, nashindana.

Kwetu Tanga nimekulia kanisani. Nimesikia shuhuda za walioacha gongo, walioacha ramli, walioacha wake za watu. Huu wangu ni ushuhuda wa tairi la mpira lenye kipenyo cha milimita 63 hivi na upana usiofika sentimita tatu. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana huko mbele kuna mtoto wa miaka 12 anayelia.

Naishi Leicester, katikati ya Uingereza, na kazi yangu ni udereva wa basi la abiria. Mchezo wenyewe ni wa magari ya umeme ya rimoti, saizi ya moja ya kumi ya gari la kweli, yenye bodi ya plastiki nyembamba yenye umbo la magari ya saluni ya mashindano. Gari zima na betri yake halizidi sana kilo 1.3. Mnapanda jukwaani watu wanane au kumi, kila mmoja na rimoti yake, mnakimbiza kwa dakika tano, na kidude kidogo ndani ya gari kinahesabu mizunguko na kupima muda mpaka sehemu ya elfu ya sekunde. Wakati wa baridi tunakimbizia ndani, kwenye ukumbi wa michezo wa shule ambao kila Ijumaa tunautandika zulia na usiku tunalikunja tena. Kiangazi tunatoka nje, kwenye lami. Wasioujua huuita mchezo wa watoto. Una mabingwa wa dunia, na mwaka 2018 ubingwa huo ulishindaniwa Afrika Kusini, akauchukua Mreno Bruno Coelho.

Mimi nilimnunulia mwanangu gari la Tamiya la kuunga mwenyewe, TT-02. Yeye alilichoka ndani ya wiki mbili, mimi sikulichoka. Nadhani ni kwa sababu utotoni, Ngamiani huko Tanga, tulikuwa tunaunda magari ya waya na maboksi, na matairi tunayakata kwenye kandambili zilizokatika. Kandambili laini ilishika vizuri kwenye saruji lakini ililika upesi. Ile ngumu ilidumu mwezi mzima ila gari lilikuwa linateleza kila kona. Nilikuwa na miaka minane, na hilo nilikuwa nalijua. Nilipokuja kupata mshahara na kadi ya benki nikalisahau.

Kwa hiyo nilipoanza kushindana nilidhani kasi iko kwenye mota. Nikanunua mota, nikanunua betri, nikanunua beringi za kauri ambazo mpaka leo sijui zilinisaidia nini. Katika daraja letu mota zote ni za mizunguko 17.5 ya waya, na kidhibiti mwendo hakiruhusiwi ujanja wowote wa programu, ndiyo maana kwenye mstari ulionyooka magari yanakwenda pamoja kama bwana harusi na mpambe wake. Yanaachana kwenye kona. Na kwenye kona gari zima linaning'inia kwenye vipande vinne vya mpira, kila kimoja kinagusa zulia kwa eneo dogo kama stempu ya posta.

Nyumbani mtu akisema hana mshiko, ana maana hana hela. Huku mshiko ni ule mpira kung'ang'ania chini. Mimi nilijaribu kuununua wa pili kwa wa kwanza, ikashindikana, kwa sababu klabu ilikuwa imeweka sheria ili watu wasifilisike: matairi ya aina moja kwa wote, seti mbili kwa msimu mzima, rimu zimetiwa alama ya rangi. Na dawa ya tairi aina moja tu, isiyo na harufu.

Hapa inabidi nieleze hiyo dawa. Ni kimiminika cha mafuta na viyeyusho kinachopakwa kwenye mpira muda mfupi kabla ya kukimbia. Kinapenya juu juu, kinaulainisha mpira, na mpira laini unajibana vizuri zaidi kwenye nyuzi za zulia. Zamani zilitumika sana zile zenye mafuta ya wintagrini, ambayo ndiyo hayo hayo yanayonukia kwenye dawa za kuchua misuli. Zilikuwa kali na zilifanya kazi, lakini ukumbi mzima ulinuka kama chumba cha bibi mwenye baridi yabisi, watu wakaumwa vichwa, wenye kumbi wakaja juu. Ndipo klabu nyingi zikazipiga marufuku.

Mimi nilipata chupa moja ya zamani kwa mtu aliyekuwa anauza vifaa vyake aache mchezo. Ijumaa ya kwanza gari lilikata kona kama limewekewa reli. Mzunguko uliokuwa unanichukua sekunde 14.2 ukashuka mpaka 13.8. Ukiona ni kidogo, piga hesabu: kwa dakika tano ni zaidi ya nusu ya mzunguko mzima. Watu ambao walikuwa wananipita nikawa nawapita. Mmoja akanipiga bega akaniuliza nimebadilisha nini, nikamjibu nimerekebisha springi.

Uongo una gharama zake. Ili kuua harufu, Ijumaa asubuhi nilikuwa nayafuta matairi kwa spiriti kisha nayafukia kwenye boksi lenye kahawa ya kusaga mpaka jioni. Baada ya mara sita, saba, mpira ukavimba, ukawa kama andazi lililosahaulika kwenye chai. Ukiubonyeza, alama ya kidole inabaki. Nikahitaji seti ya tatu, na seti ya tatu hairuhusiwi, basi nikatafuta rangi inayofanana na ile ya klabu nikatia alama mwenyewe. Dhambi ya dawa ilikuwa imezaa dhambi ya rangi, na mjukuu alikuwa njiani.

Kulikuwa na kijana mmoja, miaka 12, anakuja na mama yake. Mama ni mtu wa zamu za usiku kama mimi, tulikuwa tunaongea habari za usingizi. Gari la kijana lilikuwa la mitumba na matairi yake yalikuwa yamekwisha kabisa, yanang'aa kama viatu vya mwanajeshi. Siku moja nikamhurumia. Nikampa seti yangu moja ya zamani, bure. Sikuwaza chochote kibaya, na ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, kwamba ule ulikuwa wema wa kweli. Nilikuwa nimeyafuta yale matairi, nimeyakausha, mimi mwenyewe sikusikia tena harufu yoyote. Pua ya mlevi haisikii pombe.

Jioni ile kijana alikimbia vizuri kuliko siku zote. Kwa mara ya kwanza akaingia fainali ya juu ya vijana, akamaliza wa tatu. Baada ya fainali magari matatu ya kwanza huenda kwenye meza ya ukaguzi. Mkaguzi akapima uzito, akapitisha kipimo chini ya chesesi, akapima upana. Kisha akaligeuza gari, akagusa tairi la nyuma kwa kidole gumba, akakiangalia kidole. Ukumbi ulikuwa na joto na mpira ulikuwa umetoa jasho la mafuta. Akalileta tairi puani.

"Hii inanuka magoti ya marehemu baba yangu," akasema.

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Alifuta jina la kijana kwenye karatasi ya matokeo, akamwambia mbele za watu kwamba katika umri ule kuna njia bora za kujifunza mchezo. Kijana akasema hakupaka kitu. Akarudia, hakupaka kitu. Watu wazima wakamtazama kwa ile huruma anayotazamwa nayo mtoto akiwa ameshaonekana mwongo. Akaanza kulia bila sauti, mabega tu. Mama yake hakubishana na mtu. Alichukua begi akaanza kufunga vifaa, kimoja kimoja, taratibu sana.

Cha ajabu, kijana hakusema matairi ameyapata wapi. Labda hakuunganisha mambo, labda aliunganisha. Sijawahi kumwuliza.

Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hatua sita kutoka pale, nimeinama, nakunja zulia. Kila mtu husaidia kukunja zulia mwisho wa usiku. Nilisikia kila neno. Nikaendelea kukunja.

Wiki ile nilifanya kazi kama kawaida. Jumatano, saa nne asubuhi, akapanda mzee mmoja kituo cha hospitali, akaonyesha kadi yake ya wazee, akakaa kiti cha kwanza nyuma yangu. Alikuwa amejipaka dawa ya kuchua. Harufu ikajaa basi lote, ikaja mpaka kwenye kioo cha dereva. Dereva wa basi hana pa kukimbilia. Nilikuwa na vituo 19 mbele yangu na mzee akashuka cha mwisho. Nilipofika kituo kikuu nilizima injini nikakaa. Mwenzangu wa zamu akaja kunigongea dirisha.

Usiku ule nilimweleza mke wangu. Aliuliza jambo moja tu: "Kwa hiyo brashi yangu ilikuwa huko?" Kisha akanyamaza muda mrefu, akasema, "Ijumaa utasema mwenyewe, baba watoto. Usimwandikie mtu ujumbe. Utasimama useme."

Kabla ya mbio huwa kuna mkutano mfupi wa madereva wote. Nilinyoosha mkono. Nilisema matairi ya kijana yalikuwa yangu, dawa ilikuwa yangu, na imekuwa yangu tangu Oktoba. Nikasema na habari ya rangi. Kimombo changu kilinikimbia katikati, nikabaki narudia neno lile lile la samahani kama santuri iliyokwama. Nyuma kabisa mtu akasema alijua tangu mwanzo. Sidhani kama alijua.

Hukumu ilikuja usiku ule ule. Matokeo yangu ya msimu yalifutwa yote. Matokeo ya kijana yakarudishwa. Sikuruhusiwa kukimbia mpaka msimu wa ndani uishe, lakini kila Ijumaa nilitakiwa kuja kutandika zulia na kusimama kwenye kona, kuokota magari yaliyopinduka, raundi zote, wakati wengine husimama raundi moja tu baada ya kukimbia. Mama wa kijana akanifuata nje. Akasema, "Asante kwa kusema. Ungesema wiki iliyopita, asante ingekuwa kubwa zaidi." Kijana mwenyewe alipita pembeni kama ninavyopitwa na wasiotaka basi langu.

Ile chupa nilitaka kuimwaga kwenye sinki, mke wangu akanizuia. Niliipeleka kwenye kituo cha manispaa cha takataka za kemikali. Mtu wa pale akaifungua, akanusa, akaniuliza kama ni ya farasi.

Sasa niseme habari ya kona, kwa sababu huko ndiko nilikofunguka macho.

Ukisimama kwenye kona wiki baada ya wiki unashika magari ya watu wote. Gari linapinduka, unaruka, unalinyanyua, unaligeuza, unaliweka. Kwa sekunde ile moja matairi manne yako mkononi mwako, yakiwa bado ya moto. Mwanzoni sikuona kitu. Baada ya Ijumaa tatu vidole vikaanza kusoma. Matairi ya wanaobahatisha yalikuwa yanang'aa ukingo wa nje na yamechanika vinyuzi, au yamelika upande wa ndani tu huku nje kukiwa kupya. Matairi ya wale wawili watatu wanaoongoza kila wiki yalikuwa na weusi mmoja uliofubaa, kuanzia ukingo hadi ukingo, kama ubao wa darasani uliofutwa vizuri. Na hayakuwa ya moto kupita kiasi. Niliwahi kushika tairi la mtu aliyekuwa wa mwisho nikalihisi limechemka, nikashika la aliyekuwa wa kwanza raundi ile ile nikakuta lina uvuguvugu tu.

Wa kwanza huyo alikuwa mzee aliyestaafu, fundi wa kerezo kwa miaka 40. Sheria ilimruhusu mtu kuunda matairi yake mwenyewe kwa mpira na rimu za aina ile ile, badala ya kununua yaliyogundishwa, na yeye alikuwa anaunda. Nilimwomba anionyeshe. Aliniangalia juu ya miwani, akasema atanionyesha kwa sharti moja, kwamba nisiandike chochote mpaka nimeshafanya kwa mkono.

Jambo la kwanza alilonifanyisha ni kuosha. Tairi jipya linatoka kwenye kalibu likiwa na mafuta yanayolisaidia lisigande humo, na mafuta hayo yanabaki mdomoni, pale linapoingia kwenye rimu. Ukigundisha juu yake gundi inashika mafuta, haishiki mpira, na raundi ya tatu tairi linafunguka kwenye kona kama mdomo wa samaki. Lilishanitokea mara nyingi, nikailaumu gundi. Tuliosha kwa sabuni na brashi, tukafuta kwa spiriti, tukakwaruza kidogo mfereji wa rimu kwa msasa.

Usiku ule nilimpigia kaka yangu Tanga. Yeye ana kijiwe cha kuziba pancha, anaishi na mpira tangu ujana wake. Nikamweleza kwa bashasha kwamba nimejifunza siri ya kusafisha mpira kabla ya gundi. Kaka akanyamaza, nikasikia kompresa inaunguruma nyuma yake.

"Wewe mdogo wangu," akasema, "hapa mimi nikiziba tyubu nafanya nini kwanza?"

"Unakwangua kwa tupa."

"Halafu?"

"Unapaka gundi."

"Halafu?"

"Unasubiri ikauke kidogo ndiyo uweke kiraka."

"Umekaa kwenye hiki kijiwe miaka mingapi ukininywea chai? Umeenda Ulaya kufundishwa hilo na Mzungu?"

Sikuwa na jibu. Akaendelea kunieleza bei ya matairi ya bodaboda.

Ndani ya tairi huwekwa pete ya sponji, maana hakuna upepo. Sponji ndiyo inayoamua ubavu wa tairi utasimama au utalala kwenye kona. Ikikaa mkunjo, gari linadunda, na hutaona kwa macho, kwa hiyo mzee alinifundisha kulibinya tairi pande zote baada ya kulivalisha, taratibu, kama mtu anayetafuta embe bivu. Kisha gundi nyepesi, tone moja moja, unafunua mdomo wa tairi kwa kidole, unadondosha, inajitembeza yenyewe mferejini, unashikilia, unasogea. Mimi nilikuwa namimina. Gundi ikizidi inatambaa mpaka kwenye ubavu na kuufanya mgumu mahali pamoja, basi kila mzunguko wa gurudumu una kigugumizi. Baada ya hapo unalizungusha tairi kwenye kiegemeo kidogo uone upande mzito unakoangukia, unabandika kipande kidogo cha risasi ndani ya rimu upande wa pili. Seti moja ilinichukua saa tatu. Ya mzee ilimchukua dakika 40 na tulikuwa tunaongea habari za bustani yake.

Kumbe hata ile gundi ina kazi nyingine. Usiku unavyosonga, magari yanaacha mpira na dawa juu ya zulia, mshiko unapanda, na saa nne usiku unakuwa mkubwa mno: gari linaingia kona, matairi ya mbele yanauma, na badala ya kuteleza linapiga mweleka. Mshiko ule niliokuwa nauiba ulikuwa unanipindua, na mimi nikailaumu bahati. Dawa ya mzee ni kupaka mstari mwembamba wa gundi kwenye ukingo wa nje wa matairi ya mbele, ukauke uwe mgumu, ukingo usiume tena. Na ile dawa halali isiyo na harufu, matairi ya nyuma anapaka upana wote, ya mbele nusu ya ndani tu. Saa nne usiku anapunguza tena, robo. Anaacha kama dakika 15, kisha anafuta mpaka kitambaa kinatoka safi. Mimi nilikuwa nafikiri dawa ikikaa mbichi ndiyo inafanya kazi. Ikikaa mbichi inateleza. Mizunguko miwili ya kwanza unakwenda kama mtu aliyevaa soksi kwenye vigae.

Nilirudi kukimbia mwezi Aprili, nje, kwenye lami. Nilikuwa mwepesi wa kujiamini kuliko nilivyostahili, nikapata kipigo kingine, cha halali safari hii.

Kwenye lami unachagua ugumu wa mpira. Sorex kwa mfano wana matairi yenye nambari 24, 28, 32, 36, 40. Nambari ndogo ni mpira laini wa siku za baridi, kubwa ni wa siku za jua. Siku moja ya Julai asubuhi lami ilikuwa nyuzi 22, nikavaa 28, nikashika nafasi ya nne kwenye mchujo. Nikafurahi, nikaenda kula. Mchana jua likatoka. Kipimajoto kilisoma nyuzi 46 na mimi bado nina 28 zangu, kwa sababu zilikuwa zimenipa heshima asubuhi na niliona ni usaliti kuzivua. Dakika ya kwanza nilikuwa wa tatu. Dakika ya pili mkia ukaanza kutupa. Dakika ya tatu gari lilikuwa kama limekanyaga mlenda, nikamaliza wa tisa kati ya kumi, na nilipolishika tairi liliniunguza na limejaa vipele vya mpira uliokunjamana. Mpira laini ukipita joto lake hauna tena pa kushika. Unajipaka tu barabarani kama siagi.

Tangu siku ile nina daftari. Ni daftari la shule la mistari, la kurasa 80. Kila raundi naandika joto la hewa, joto la lami, nambari ya tairi, limekimbia mara ngapi, nilipaka nini na kwa dakika ngapi, nililipasha joto kiasi gani kwenye vikombe vya umeme, na lilirudi na rangi gani. Kila tairi lina alama ndani ya rimu, mbele kulia, mbele kushoto, na kadhalika, maana uwanja wetu unazunguka zaidi upande mmoja na matairi ya upande wa pili ndiyo yanayoteseka. Baada ya kila mikimbio miwili nayahamisha. Jipya silipeleki kwenye fainali. Linakuja na mng'ao wa kalibu juu yake na linahitaji raundi moja ya mazoezi ya polepole kuuondoa, halafu lipoe kabisa, halafu ndiyo liitwe tairi. Kuna ukurasa mmoja nimeandika neno moja tu, "kiburi". Ni huo wa Julai.

Sijawa bingwa wa kitu chochote. Nimeingia fainali ya kwanza mara mbili, nafasi yangu bora ni ya saba. Kuna Ijumaa nashuka jukwaani nikiwa wa mwisho na mkono wangu unakumbuka ule uzito wa ile chupa. Mke wangu ameficha brashi zake na mimi sijaziulizia.

Yule kijana sasa ana miaka 14 na ni mwepesi kuliko mimi, jambo ambalo halihitaji ukaguzi wowote. Mwaka mzima hakunisemesha. Kisha Ijumaa moja alikuja mezani kwangu akasimama, akaniuliza ninagundishaje mpaka hayafunguki. Nikamwonyesha. Wiki iliyofuata nikamwundia seti, nikampa mkononi, watu wapo. Akayapokea, akalitoa moja kwenye mfuko, akalisogeza puani, akavuta pumzi ndefu huku akiniangalia usoni. Mama yake alikuwa anatazama. Mkaguzi alikuwa anatazama. Kijana akalirudisha kwenye mfuko, akasema asante.

Mara ya kwanza iliniuma. Siku hizi nikimaliza seti yake nayapanga manne mezani, mdomo juu, nasubiri aje anuse.